Ziara ya makao ya watoto Ethiopia na maswali yaliyosalia

KWA miaka mingi, jamaa za kigeni zilizokwenda Ethiopia kuasili mtoto zilizuru makao alikolelewa kabla ya kuondoka naye. Safari hizo zilikoma baada ya bunge la nchi hiyo kupiga marufuku uasili wa watoto kwa wageni mnamo Januari 2018.

Hata hivyo, wengi wa maelfu ya watoto waliochukuliwa sasa ni watu wazima. Baadhi yao wanatafuta asili yao, na fununu walizo nazo mara nyingi ni zile zilizokusanywa katika ziara hiyo ya saa chache.

Utaratibu ulianzia mbali. Familia ilichunguzwa na kuidhinishwa nchini mwake, kisha shirika la uasili likaipa picha na maelezo mafupi ya mtoto. Kesi ilisikizwa jijini Addis Ababa, na kuanzia mwaka wa 2010 wazazi walitakiwa kufika mahakamani. Kwa sababu hiyo, wengi walisafiri mara mbili: kwanza kwa kesi, halafu kwa viza.

Watoto wengi walitoka mikoani, hasa kusini, kabla ya kuhamishiwa nyumba za muda katika mji mkuu. Familia iliyotaka kujua chimbuko la mtoto ilisafiri kwa gari hadi miji kama vile Hawassa na Soddo. Wageni walikaribishwa kwa kahawa iliyokaangwa na kutwangwa papo hapo, kama ilivyo desturi, wakaonyeshwa vitanda na walezi.

Jambo lililowashtua baadhi yao ni kukutana na mama au baba mzazi wa mtoto waliyeambiwa ni yatima. Sheria ya Marekani ya uhamiaji humhesabu kuwa yatima hata mtoto mwenye mzazi mmoja aliye hai, mradi mzazi huyo hana uwezo wa kumtunza. Ufukara na maradhi, wala si kifo pekee, viliwafikisha watoto wengi makaoni.

Isitoshe, pande hizo mbili hazikuwa na maana moja ya uasili. Miongoni mwa Waoromo kuna mila ya guddifachaa, ambayo humpa mtoto familia ya pili bila kumtenga na ile ya kwanza. Sheria ya Familia ya Ethiopia ya mwaka wa 2000 nayo ilimruhusu mtoto aliyeasiliwa kudumisha uhusiano na jamaa zake wa damu. Kinyume chake, sheria za Marekani hukata uhusiano huo kabisa. Mzazi aliyetia kidole gumba kwenye hati angeweza kuamini kuwa mwanawe anakwenda kusoma na kwamba habari zake zitamfikia, ilhali mbele ya sheria za ugenini hakuwa mzazi wake tena.

Pesa zilizidisha utata. Gharama za uasili mmoja mara nyingi zilizidi dola 20,000, katika nchi ambamo familia nyingi hazikuwa hata na sehemu ndogo ya kiasi hicho kwa mwaka. Mnamo 2010, watoto wapatao 2,500 walipelekwa Marekani. Machi 2011, wizara husika ilipunguza kesi ilizoshughulikia kutoka hadi 50 kwa siku hadi tano, ili kuzikagua kwa makini.

Miezi miwili baadaye, msichana aliyeasiliwa kutoka Ethiopia alifariki kwa baridi nje ya nyumba ya wazazi wake wa kuasili katika jimbo la Washington. Wazazi hao walipatikana na hatia mwaka wa 2013. Mwaka uliofuata, wahudumu wa shirika moja la Marekani walikiri mahakamani kuhusika na hati za uongo za uasili kutoka Ethiopia. Serikali ya Ethiopia ilisimamisha uasili huo mwaka wa 2017, kabla ya sheria ya 2018.

Kenya ilikuwa imechukua hatua kama hiyo Novemba 2014, Baraza la Mawaziri lilipositisha uasili wa watoto Wakenya kwa wageni.

Wanaopinga marufuku husema kuna watoto wasio na jamaa yeyote ambao huenda wakakulia makaoni. Wanaoiunga mkono hujibu kwamba fedha hizo zingetosha kumsaidia mama kumlea mwanawe nyumbani.

Kwa waliokwisha kuondoka, kilichoandikwa siku ya ziara ndicho akiba yao: jina la mama, kijiji, na jina la aliyemleta mtoto makaoni. Hata tarehe ya kuzaliwa yahitaji kuchunguzwa, kwani kalenda ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma kwa miaka saba au minane.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Vijana hawa hawakukataa kwao. Wengi hawakuwahi kuelezwa ni wapi.