Moshi wa Gari Unasema Nini?

Tulikuwa njiani kutoka Kilifi kuelekea Mombasa, watoto wamelala kiti cha nyuma, gari lilipoanza kutoa moshi mweupe. Fundi wa kwanza alitubadilishia rejeta. Siku ya tatu mshale wa joto ukapanda tena, na fedha tulizotoa zilikuwa za karo. Laiti tungalijua yanayopita ndani ya injini, tungaliuliza swali moja kabla ya kulipa: maji yanakwenda wapi?

Injini ya petroli hufuata mzunguko ambao Mjerumani Nicolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876. Ndani ya kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka, na kazi yake hukamilika kwa mapigo manne. Kwanza hushuka na kuvuta hewa pamoja na petroli. Kisha hupanda, valvu zikiwa zimefungwa, na kuushindilia mchanganyiko huo hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nafasi yake. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na gesi yenye joto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pigo hili la tatu ndilo pekee liliendeshalo gari. Mengine hulitumikia tu. Katika la nne pistoni hupanda na kuufukuza moshi kwenye ekzosi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 kwa sekunde.

Basi kisichostahili kuingia humo hutoka kikionekana. Moshi mweusi waonyesha petroli imeizidi hewa, pengine kwa sababu filta ya hewa imeziba, na hilo ni jambo dogo. Wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi kwa kupenya ringi za pistoni zilizolika. Lakini mweupe mzito usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja chini, humaanisha maji yanaingia kwenye silinda. Aghalabu gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Mvuke mwepesi wa asubuhi usiwatishe, akina mama, kwani petroli ikiungua huzaa maji.

Gari likichemka, zimeni injini, na kifuniko cha rejeta msikiguse mpaka ipoe kabisa.

Fundi wa pili alituonyesha gasketi yetu, imelika upande mmoja. Rejeta ya zamani, nzima, ingali uani.