Kigezo kwanza, mbao baadaye: kazi ya kiti cha bembea kinachovuka mpaka

MIBIRIZI, Rusizi – Kiti cha kawaida chenye mguu mmoja mfupi husamehewa. Mwenye nyumba hukunja karatasi, huiweka chini ya mguu, na maisha huendelea. Kiti cha bembea hakina msamaha huo. Tao moja likipishana na lenzake hata kidogo, kiti hutembea sakafuni kikielekea upande mmoja, na mnunuzi hukirudisha kwa muuzaji.

Hesabu hiyo inamkabili fundi seremala wa Mibirizi anayetengeneza kiti chake cha kwanza cha aina hii, pamoja na mfanyabiashara anayepanga kukivusha Rusizi hadi Bukavu. Ubao ukishakatwa vibaya haurudi. Kinga yake ni ya bei ndogo: kigezo, yaani umbo kamili la kila kipande, likatwe kwanza kwenye karatasi ngumu, kisha kwenye ubao mwembamba ambao Nairobi huitwa plaiwudi na Bukavu tripleksi.

Mibirizi inaijua thamani ya kitu kimoja kinachozaa vingi. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua misheni yao hapa mwaka 1903, na kahawa waliyoipanda ikaacha aina inayoitwa Mibirizi hadi leo. Kigezo nacho ni kama mche mama: kikiwa kizuri, vyote vinavyofuata huwa vizuri, kikiwa na kasoro, kasoro hiyo huzaliana.

Sita vinatosha

Kiti rahisi kinahitaji vigezo sita. Vinne ni vya vipande vinavyokwenda viwili viwili: tao la chini, mguu wa nyuma, mguu wa mbele na mkono. Kila kigezo hutumika mara mbili, kikigeuzwa kupata upande wa kulia na wa kushoto. Viwili vilivyobaki ni vya kikalio na ubao wa juu wa mgongo. Kwa hivyo viwili, karatasi hukunjwa katikati, nusu moja ikachorwa na zote mbili zikakatwa pamoja. Hapo upande mmoja hauwezi kuushinda mwingine.

Tao ndilo lenye kazi. Fundi huchukua fito iliyonyooka inayozidi mita moja, hupiga msumari karibu na ncha moja, kisha hutoboa tundu la penseli kiasi cha sentimita 105 kutoka msumarini. Fito ikizungushwa, penseli huchora mviringo safi. Kamba haifai, kwa kuwa huvutika na mstari huyumba.

Kipimo hicho kina sababu. Tao lenye mviringo mdogo humtia mkaaji hofu. Lililonyooka mno halibembei. Kitovu cha mviringo kikiwa juu ya uzito wa mtu aliyekaa, kiti hurudi chenyewe mahali pake. Nyuma, tao huachwa refu zaidi ili mtu akijiegemeza kwa nguvu asianguke chali.

Kabla ya kugusa mbao ya gharama, kama libuyu inayotoka Kongo, kiti cha majaribio hutengenezwa kwa mbao ya bei nafuu, mathalani mkaratusi. Wakikalie watu wa maumbo tofauti: mrefu, mfupi, mzee, mama aliyebeba mtoto. Kinachoonekana hapo husahihishwa kwenye kigezo. Kisha kila kigezo huandikwa vipimo, mahali pa matundu, na mshale unaoonyesha nyuzi za mbao zielekee wapi. Nyuzi zikikatiza tao badala ya kulifuata, ncha yake itavunjika.

Wakati wa kukata, msumeno hupita nje kidogo ya mstari. Matao mawili hubanwa pamoja kwa jiliwa, yakapigwa randa na msasa kwa wakati mmoja mpaka yawe pacha.

Hata wakubwa wa kazi hii hawakuukwepa utaratibu huo. Mmarekani Sam Maloof, aliyefariki mwaka 2009 na ambaye viti vyake vya bembea viliwafikia marais Jimmy Carter na Ronald Reagan, alichora vipande vyake kwa kufuata vigezo.

Faida kwa mvukaji mpaka

Kwa mfanyabiashara, kigezo ni dhamana. Anayeagiza viti sita hupata sita vinavyofanana. Tao likivunjika baada ya mwaka, jingine hukatwa bila kukirudisha kiti Rwanda. Vipande vilivyolingana huweza pia kusafirishwa vikiwa vimefungwa bapa na kuunganishwa sokoni, hivyo gari moja hubeba vingi.

Soko nalo lina nafasi. Tangu Julai 1, 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliweka samani zinazotoka nje ya Jumuiya katika kundi la asilimia 35. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka huohuo. Kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Hata hivyo, mfanyabiashara aulize forodhani pande zote mbili kabla ya kulipa malipo ya awali, na fundi awe na karatasi za mbao alizotumia.

Limebaki swali moja ambalo wengi hulikumbuka ugomvi ukishaanza: kigezo ni cha nani? Mfanyabiashara aliyegharamia majaribio hudhani ni chake. Fundi aliyekichora huona ni chake. Mstari mmoja kwenye mkataba wa oda unatosha kulimaliza. Usipoandikwa, oda ya pili inaweza kukatwa kwa kigezo hichohicho na kuuzwa kwa mshindani wa soko lilelile la Bukavu.