Rangi Inayong'aa Ipakwe Wapi?

Jua la saa kumi na moja jioni huko Machochwe, wilayani Serengeti, haliufichii ukuta aibu. Miale huja imelala, na kila wimbi ambalo fundi aliliacha kwenye lipu hupata kivuli chake. Saa sita mchana ukuta huohuo ulionekana umenyooka. Ukipakwa rangi inayong'aa, kasoro huzidi kuonekana, kwa kuwa mwanga unaogusa uso kwa kulala hurudishwa kwa wingi, kama kwenye kioo.

Mambo yote yamo ndani ya kopo. Rangi ina unga wa rangi na gundi inayoushika. Gundi ikiwa nyingi hufunika chembe zote, uso unakauka ukiwa laini na mwanga unarudi kwa upande mmoja. Unga ukizidi, chembe huchomoza, mwanga hutawanyika na ukuta hufifia. Katikati ndipo ilipo silki, rangi yenye mng'ao wa wastani.

Chembe zilizochomoza huacha vitundu, na vumbi la kiangazi hujificha humo. Ndiyo maana madarasa mengi ya Tanzania hupakwa rangi ya mafuta inayong'aa sehemu ya chini ya ukuta, wanapoegemea watoto, na rangi ya maji sehemu ya juu. Ni uamuzi wa busara kabisa. Dari, isiyoguswa na mtu, haihitaji mng'ao wowote.

Ubao ni habari nyingine. Ukipakwa rangi nyeusi inayong'aa, mtoto aliyekaa pembeni huona mwanga wa dirisha mahali palipoandikwa hesabu, na chaki huteleza bila kushika. Ubao unataka uso uliofifia, wenye mkwaruzo kidogo. Mtoto kukosa somo kwa sababu ya kopo lisilofaa ni hasara isiyovumilika.

Kuna kemia pia. Saruji mbichi ina alkali kali, pH 12 au zaidi. Rangi ya mafuta ikipakwa mapema juu yake, alkali huyageuza mafuta kuwa sabuni: rangi inanata, inavimba, inabanduka. Lipu iachwe wiki 4 hivi, kisha ipate praima inayostahimili alkali.

Bati jipya lina zinki, nayo hutengeneza sabuni ya namna hiyo polepole, hadi rangi ya mafuta iliyopakwa moja kwa moja ianze kutoka maganda. Kwanza bati lioshwe mafuta ya kiwandani, lipakwe praima yake, ndipo rangi ifuate.