Baada ya Makabidhiano

Maandiko ya miradi ya kuwafundisha vijana teknolojia kupitia elimu ya mazingira hufanana sana, yawe yameandikwa kwa ajili ya Ipinda, Matema au Kasumulu, wilayani Kyela. Humo hutajwa chumba cha kompyuta kwenye sekondari ya kata, vishikwambi kadhaa, kipimamvua, nguzo ya kusomea kina cha mto, kitalu cha miche na idadi ya vijana watakaohitimu. Vijana watapima mvua na uchafu wa maji, watachora ramani ya kingo zinazomomonyoka, kisha wataingiza takwimu kwenye kompyuta na kuzisoma mbele ya serikali ya kijiji. Walimu ni watu wa kujitolea, na wananchi huchangia nguvu kazi.

Kwa Kyela, wazo hilo lina mashiko. Uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Tukuyu, jirani tu kwa barabara, iko juu ya mita 1,500. Kinachooshwa na mvua huko juu huteremkia bondeni kwa mito ya Kiwira na Mbaka. Songwe nayo huhamahama mkondo, na kwa kuwa ndiyo mpaka na Malawi, kuhama kwake si jambo la mwenye shamba peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Kijana mwenye simu anaweza kupima umbali huo mwenyewe na kuuonyesha kwenye ramani. Mzazi wake analima mpunga palepale maji yanapofika, kwa hiyo hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini anapima.

Shida huanzia kwenye jedwali la utekelezaji. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mwaka wa shule huanza Januari. Mfadhili wa nje huenda akawa na mwaka wake pia. Mvua ya Kyela haifuati hata mmoja kati ya hiyo: huanza kushika Novemba, hufikia kilele mwezi Machi na Aprili, na Mei inaweza kuisha bado ardhi haijakauka. Fedha zilizotarajiwa Julai zikifika Oktoba, msingi unachimbwa mawingu yakiwa yameshakusanyika. Bondeni maji ya ardhini hayako mbali. Mtaro uliochimbwa jana hujaa usiku, na asubuhi mafundi huchota maji kabla ya kufikiria zege. Lori la mchanga hukwama kwenye barabara ya ndani. Wakati huohuo wale walioahidi nguvu kazi kwenye mkutano wa hadhara wako shambani, wanalima na kupanda mpunga, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Mradi wa miezi sita uliosomeka vizuri mezani unakutana na ukweli kwamba miezi mikavu ni michache, takriban Juni hadi Oktoba. Mpangaji anayeuanza mradi kwa kuhesabu miezi hiyo, kisha ndipo akatazama kalenda ya fedha, huandika tarehe ya mwisho inayowezekana. Wengi hufanya kinyume chake, kwa kuwa fomu wanayojaza ndivyo inavyouliza.

Ujenzi wenyewe siku hizi hufanywa zaidi na mafundi wa jirani wakisimamiwa na kamati za shule au kijiji. Utaratibu huu una faida: fedha hubaki kwenye kata, na mkazi hulijua jengo tangu siku ya kwanza. Kuta hupanda haraka. Kisha boma hufika kwenye mtambaa panya na kusimama, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu ni cha kununua, na kingi hupandishwa gari kutoka Mbeya: nondo, bati, mbao zilizokaushwa vizuri, nyaya.

Gharama hukua kwa njia zinazoweza kutabirika. Bei iliyoandikwa kwenye makisio ni ya siku makisio yalipoandaliwa, na manunuzi hufanyika miezi mingi baadaye. Kompyuta na vishikwambi hufuata bei ya dola. Mchoro wa kawaida wa darasa, unaotumika hata kwenye mikoa mikavu, haujui maji ya Aprili hufika wapi Kyela. Fundi mwenyeji anajua, naye atashauri sakafu iinuliwe, na kifusi cha kuinulia hakimo kwenye bajeti. Kazi iliyoharibiwa na mvua hurudiwa. Hakuna kimoja kati ya hivi ambacho ni kikubwa kikiwa peke yake, wala kinachohitaji mtu mwenye nia mbaya.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mahali pengo hilo la fedha linapozibwa. Ukuta haukatiki nusu, na paa lisipokamilika kila mtu ataliona. Kwa hiyo hupunguzwa visivyoonekana: wiki mbili za mafunzo huwa siku tatu, nauli ya kwenda kusoma nguzo ya mto hufutwa, fungu la matengenezo huhamishiwa kwenye bati. Jengo linakamilika kwa kula elimu ambayo ndiyo iliyolifanya lijengwe. Taarifa ya mwisho huwa ya kweli kabisa katika kila mstari wake. Chumba kipo, vifaa vipo, vijana walifundishwa.

Vinavyobaki bila kufanywa, basi, ni vitu vidogo ambavyo matumizi hayawezekani bila hivyo. Kinga ya radi ni kimojawapo, katika wilaya ambayo ngurumo ni jambo la kawaida na kompyuta zinaweza kuungua alasiri moja. Nyavu na nondo za madirisha ni vingine. Luku huisha, na hakuna kifungu cha kununua umeme. Bando nalo huisha. Nywila ya programu alikuwa nayo mwalimu wa kujitolea ambaye muda wake ulikwisha. Karibu na Songwe simu inaweza kushika mtandao wa Malawi, na saa yake ikarudi nyuma saa moja kwa kuwa nchi hiyo iko nyuma yetu kwa saa moja. Kipimo cha mvua kilichoandikwa saa tatu asubuhi kikaingia kwenye kumbukumbu kama cha saa mbili. Hilo hurekebishwa kwa kuzima mpangilio mmoja kwenye simu, ila lazima awepo wa kuwaonyesha vijana, na siku tatu za mafunzo hazikufika huko.

Halafu kuna suala la nani hasa anaingia. Ufunguo hukaa kwa mwalimu mmoja, naye akihamishwa au akiwa kwenye usahihishaji, chumba hufungwa. Kijana asiyekuwa mwanafunzi hujiona mgeni kwenye uwanja wa shule, ingawa sera ya taifa inamhesabu kijana hadi miaka 35. Wavuvi wa usipa hutoka usiku wakati wa giza, taa zao zinapovuta samaki, na mchana wanalala. Mbalamwezi ikiwaka ndipo wanapopatikana. Ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa haiwaoni. Msichana anayesubiriwa nyumbani kupika hawezi kubaki hadi saa kumi na mbili jioni. Anayeishi Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, huvuka kwa mtumbwi kufika Matema, na ziwa likichafuka havuki. Mambo haya yote yangejulikana kwa kuuliza kijijini kabla ya kuandika.

Kwa haki, kuna yanayodumu. Kipimamvua na daftari la mistari huendelea mahali ambapo kompyuta imeshafunikwa shuka, maana havihitaji luku wala nywila. Miche iliyopandwa kando ya mto hukua bila taarifa ya robo mwaka. Na kijana aliyejifunza kusoma ramani kwenye simu haachi kuijua mradi unapofungwa.

Mikataba ya ujenzi imezoea kuzuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kipite. Sioni kwa nini upande wa mafunzo usiwekewe sharti la namna hiyo: tarehe ya makabidhiano ibaki, lakini fungu la mwisho litolewe baada ya msimu mmoja kamili wa mvua, vijana wakionyesha daftari lililojazwa kuanzia Novemba hadi Mei, na orodha ya walioingia chumbani ikiwa na wasichana, wavuvi na wasio wanafunzi. Ugumu wake unaeleweka. Mfadhili atalazimika kuacha hesabu zake wazi kwa miezi zaidi, na halmashauri itahitaji kuonyesha mapema umeme, bando na posho ya mtunza ufunguo vitatoka kifungu gani. Fedha hizo ni ndogo zikilinganishwa na za bati, na mahali pake ni kwenye makisio ya kwanza, kabla tofali halijafyatuliwa.