Kosa lipi linastahili wino mwekundu?

Msanii akihojiwa redioni akasema, "Nyimbo yangu mpya inatoka Ijumaa," walimu wa Kiswahili wanaomsikiliza hukunja nyuso. Wimbo ni mmoja, nyimbo ni nyingi, na mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Ukiniuliza kama kanuni ya shuleni imevunjwa, nitakujibu kuwa ndiyo, imevunjwa. Lakini mwanaisimu haishii hapo. Anajiuliza kwa nini limekuwa kosa hili na si jingine. Hakuna anayesema "kiti hivi" wala "mtoto hawa". Watu huteleza kwenye nyimbo, funguo na nyaraka, na huteleza kwa namna ile ile Dar es Salaam, Morogoro hata Nairobi, ingawa hawajuani. Kosa linalojirudia hivyo vinywani mwa wengi lina chanzo, na chanzo hicho kinafaa kujulikana kabla ya kulilaani.

Chanzo chenyewe ni umbo la neno. "Nyimbo" inaanza kwa ny-, kama nyumba, nyota, nyundo na nyama. Nomino hizo hazibadiliki zikiwa nyingi: nyumba hii, nyumba hizi. Isitoshe, nyimbo kwa kawaida hutajwa kwa wingi. Tunasikiliza nyimbo, tunapenda nyimbo za fulani, harusini zinapigwa nyimbo. Neno linalosikika zaidi kwa wingi, tena lenye sura ya ngeli ya i-zi, linavutwa taratibu kwenda ngeli hiyo. Mtu anaanza kusema nyimbo hii, nyimbo hizi. Funguo nayo imefuata njia hiyo hiyo, ndiyo maana unasikia "funguo ya gari imepotea".

Sasa tazama alichokifanya huyo msanii wetu. Neno amelihamisha ngeli, lakini upatanisho hajaugusa. Hasemi "nyimbo hii zimetoka", anasema "nyimbo hii imetoka". Kila kiambishi kimekaa panapostahili, ila ni katika ngeli ya jirani. Kwangu mimi jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu upatanisho wa kisarufi ndio mhimili wa Kiswahili. Anayesikia "ndege imetua" anafikiria uwanja na abiria, na anayesikia "ndege ametua" anatazama juu ya mti. "Kifaru kimepita" ni habari ya vita, "kifaru amepita" ni habari ya mbugani. Ukiandika "gari la mwalimu lililopotea", polisi watatafuta gari. Ukiandika "gari la mwalimu aliyepotea", watamtafuta binadamu. Kazi yote hiyo imefanywa na silabi mbili tatu.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza tukitumie tunaposahihishana. Kosa linaloacha upatanisho ukiendelea kubeba maana lirekebishwe kwa upole, darasani na kwenye meza ya mhariri. Kosa linaloukata uzi huo, hapo ndipo wino mwekundu una kazi.

Historia yenyewe inatufunza kuvumilia mahamisho ya ngeli. Kiboko, kifaru na kijana yana ki- ya vitu, lakini leo anayesema "kijana kimefika" ndiye anayeonekana kukosea. Wazungumzaji waliwahi kuamua kwamba uhai una nguvu kuliko umbo, na sarufi ikawafuata. Ngeli yetu ya u- nayo ni ngeli mbili za kale zilizoungana. Kiganda kinazitenganisha mpaka leo: olulimi kwa ulimi, obulwadde kwa ugonjwa, lu- mbali na bu-. Sisi tumeziunganisha zote katika u- moja, na hatuoni pengo. Kisha kuna kitabu. Kwa Kiarabu ki- ile ni sehemu ya neno lenyewe, na wingi wake ni kutub. Waswahili walipoisikia wakaichukua kama ki- ya kiti, wakasema vitabu. Msomi wa Kiarabu wa enzi hizo angeweza kulalamika kwa haki zote. Madereva wa Dar es Salaam walifanya lile lile kwa mzunguko wa barabara walipoufanya uwe kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti.

"Masaa" ni kesi inayonishughulisha zaidi, kwa sababu linawaudhi watu wengi na bado lina hoja. Saa ni ngeli ya i-zi, hivyo inapaswa kuwa saa moja, saa mbili, saa tatu. Sawa. Sasa soma tangazo lililobandikwa mlangoni: "Duka litafunguliwa baada ya saa mbili." Wewe umefika saa moja asubuhi. Urudi saa mbili ikishapita, au usubiri mpaka saa tatu? Sentensi ni sanifu kabisa, na haikusaidii. Anayesema "nimekusubiri masaa mawili" ameliona tatizo hilo bila kufundishwa. Saa mbili ameiachia kazi ya kutaja wakati, masaa mawili ameyapa kazi ya kupima urefu wake. Na ma- aliyoitumia si ngeni. Rafiki ni neno la i-zi vilevile, twasema rafiki yangu, rafiki zangu, lakini marafiki tumewakubali, wamo kwenye kamusi na hotuba za viongozi. Gazetini mimi nashauri tuandike "muda wa saa mbili", kwa kuwa njia hiyo ipo, ni safi na haimkeri yeyote. Ila kumwita mjinga mtu anayesema masaa ni kumwonea. Ameziba ufa uliokuwepo.

Kuna kosa jingine ambalo hatulisahihishi hata kidogo. Tunalicheka tu. Ni lile la L na R: kalamu na karamu, mahali na mahari, kura na kula. Mgombea akiteleza jukwaani kwenye neno "kura", kipande hicho cha video kitazunguka kwenye simu za watu mwezi mzima. Kinachochekwa hapo si sarufi. Ni mahali mtu alipozaliwa. Gikuyu haina sauti ya L, Kisukuma hakina R. Mtoto anayelelewa kwa lugha yenye moja tu kati ya sauti hizo huzoea kuzisikia zote mbili kama sauti moja muda mrefu kabla hajashika daftari la Kiswahili. Ulimi unafuata sikio. Akifundishwa kwa subira anaweza kuzitenganisha, na katika maandishi ni lazima azitenganishe, lakini kicheko hakijawahi kumfundisha mtu matamshi. Kinachofanya ni kumnyamazisha, na mkutano wa kijiji unakosa mchango wa mtu mwenye jambo la kusema.

Wanaocheka wangeitazama historia ya L katika Kiswahili chenyewe. Mvua ni mvula kwa Kinyanja, na kwa Gikuyu ni mbura. Sisi tumeipeleka wapi sauti ile ya katikati? Wazungumzaji wa kale wa Kiswahili waliidondosha L ilipokuwa kati ya irabu, katika maneno mengi sana. Nyayo zake bado zinaonekana. Nunua ikitendwa huwa nunuliwa, chukua huwa chukuliwa, kataa huwa kataliwa. Wanafunzi huniuliza L hiyo imetoka wapi. Haikutoka popote, ilikuwa ndani ya shina tangu zamani. Ilipotea mwishoni mwa neno na hurejea kiambishi kinapoongezwa. Kiswahili sanifu tunachokilinda kwa kumcheka jirani kimejengwa juu ya L zilizodondoshwa.

Tena wapo wanaotusikia sisi tukikosea. Mzawa wa Mombasa au Lamu hutamka paa wa porini kwa mpumuo, na paa la nyumba bila mpumuo. Ni maneno mawili tofauti kinywani mwake, na kaa wa baharini hafanani na kaa la moto. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo, na wazungumzaji wengi wa leo hawaisikii wala hawaitamki. Masikioni mwa mzee wa Mji wa Kale, sisi wengine wote tunasema karamu tukimaanisha kalamu, kila siku.

Mombasa ina dai lake jingine, zito zaidi. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika katika mji huo huo na kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Tangu hapo mtoto wa Kimvita anayeandika "ndia" kwa njia, "ndoo" kwa njoo au "kuteka" kwa kucheka, maneno aliyoyapata kwa nyanya yake, hurudishiwa daftari lenye alama za kosa. Sipingi kuwepo kwa usanifu. Nchi kadhaa zinahitaji vitabu, sheria na mitihani inayosomeka kwa wote. Ninachopinga ni mwalimu kumwambia mtoto kwamba kwao wanakosea. Inatosha kusema: nyumbani ni ndia, kwenye mtihani andika njia. Wahariri nao wangepumua kama wangelikumbuka hili wanapofuta maneno ya upande wa pili wa mpaka, huyu akifuta "waathiriwa" wa Kenya, yule akifuta "waathirika" wa Tanzania.

Basi ni makosa gani yananinyima usingizi? Silo "watu ambao waliokuja". Linachosha, kwa sababu urejeshi umewekwa mara mbili ambapo mara moja ingetosha, na ajabu ni kwamba hulisikii sana sokoni. Utalisikia kwa watangazaji na maofisa wanaojitahidi kusema rasmi. Ondoa urejeshi mmoja, "watu waliokuja" au "watu ambao walikuja", yamekwisha.

Linalonitia wasiwasi ni pale upatanisho unapokufa. Mitaani Nairobi utasikia "hii kitu yenye uliniambia", na hii na yenye yakatumika kwa kila nomino bila kujali ngeli. Vijana wanaozungumza hivyo wanaelewana vizuri, na usemi wao una taratibu zake. Hawastahili matusi. Lakini chukua maneno hayo uyaweke kwenye fomu ya bima: "ripoti ya gari yenye imepotea". Kimepotea nini hapo? Kwa Kiswahili cha ngeli ungeandika "ripoti ya gari iliyopotea" kama karatasi ndiyo haionekani, au "ripoti ya gari lililopotea" kama limeibwa gari. Tofauti ni silabi mbili tu, na fidia inategemea hizo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ngeli ni orodha za kukariri kwa ajili ya mtihani hatawahi kuona kwa nini azitunze. Aonyeshwe fomu hiyo.

Na yapo makosa yasiyovunja kanuni yoyote ya ngeli, kwa hiyo hakuna msikilizaji anayepiga simu kuyalalamikia. "Takriban zaidi ya watu 40 wamejeruhiwa." Takriban maana yake ni karibu na idadi hiyo, zaidi ya maana yake ni kupita idadi hiyo, na aliye na ndugu kati yao hajaambiwa kitu. Au tangazo hili, linalosomwa kwa sauti nzuri na kila upatanisho ukiwa mahali pake: "Tunasikitika kutangaza msiba wa mtoto wa mwalimu aliyefariki jana." Nani amefariki? Mtoto na mwalimu wote wako katika ngeli moja, wote ni umoja, na "aliyefariki" inamfaa yeyote kati yao. Kama wangekuwa wazazi wa mwanafunzi, "aliyefariki" na "waliofariki" zingetuambia mara moja. Hapa sarufi imefika mwisho wa uwezo wake, na kazi imebaki kwa mwandishi. "Mwalimu amefariki jana, ameacha mtoto mmoja." Au: "Mwalimu amefiwa na mtoto wake jana." Aandike mojawapo, ili majirani wajue ni nani wanakwenda kumzika.