Kuhifadhi bangi ya mwingine: sheria inasemaje?

Miongoni mwa wananchi imejengeka dhana kwamba mwenye hatia katika kosa la bangi ni yule anayeilima au kuiuza. Kwamba aliyeombwa na ndugu kulaza gunia stoo hadi asubuhi, au dereva wa bodaboda aliyekodiwa kulifikisha stendi, hana la kujibu mahakamani. Dhana hiyo ni ya hatari.

Bangi inadhibitiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, Sura ya 95, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1995. Humo, neno “kusafirisha” lina maana pana kuliko ile ya mazungumzo ya kila siku. Linajumuisha kununua, kuuza, kutoa, kugawa, kuhifadhi, kumiliki na kupeleka. Hivyo basi, gunia lililolala uvunguni mwa kitanda, lisilosogezwa hata hatua moja, laweza kumfikisha mwenye chumba kizimbani kwa shtaka la kusafirisha dawa za kulevya. Mahakama hupima iwapo alijua kilichomo. Kwamba hakulipwa hata senti si utetezi.

Adhabu yake ni nzito. Kutegemea uzito wa bangi, huleta kifungo cha miaka 30, na kwa mzigo mkubwa zaidi, kifungo cha maisha. Mirungi imewekwa katika kundi hilo hilo, jambo linalowashangaza wanaoiona ikiuzwa hadharani katika nchi jirani ya Kenya. Kiasi kidogo cha matumizi binafsi kina kifungu chake chenye adhabu nafuu, lakini nacho ni kosa.

Kwa upande wa mashamba, kulima bangi kuna kifungo cha miaka 30, na sheria haikuweka idadi ya miche inayosamehewa. Wapo wanaoacha miche miwili mitatu nyuma ya banda kwa madai kuwa ni dawa ya kuku. Madai hayo hayana nafasi katika sheria. Mwenye ardhi anayeruhusu shamba lake litumike kwa kilimo hicho naye ametenda kosa, hata kama jembe hakulishika. Anayekodisha shamba lililo mbali na makazi yake ana kila sababu ya kulitembelea kabla ya mavuno.

Pamoja na ukali huo, sheria inamlinda anayepekuliwa. Upekuzi hushuhudiwa, ndiyo maana mwenyekiti wa kitongoji au balozi huitwa. Mali iliyokamatwa huandikiwa stakabadhi, inayosainiwa na mwenye nyumba pamoja na mashahidi. Shahidi asikubali kusaini kitu ambacho hakukiona kikitolewa, kwa kuwa ataitwa mahakamani kukieleza. Kielelezo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ndiye huthibitisha kuwa majani hayo ni bangi.

Mwananchi anayeshuku mzigo alioachiwa asiufiche wala kuutupa kwa jirani. Atoe taarifa mapema kituo cha polisi, kwa Mtendaji wa Kata, au kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kupitia namba 119, ambayo haina malipo.