Meno ya Kupandikizwa: Kwa Nini Mfupa Kwanza?



Mama mmoja aling'olewa meno yote ya juu miaka mingi iliyopita. Siku hizi meno yake ya bandia yanamchezacheza mdomoni, kwa hivyo akaomba mkopo wa kikundi apandikizwe meno. Daktari akamwambia mfupa hautoshi, uongezwe kwanza. Wenzake wakasema, "Huyo anataka kula pesa zako." Tulikaa nao tukaelezana.

Jino likitoka, mfupa uliolishika hukosa kazi, ukaanza kuisha polepole kama tuta lililong'olewa viazi likapigwa na mvua. Taya la juu lina shida zaidi. Mfupa wake ni mwororo kuliko wa chini, na juu ya magego kuna chumba cha hewa, kile kinachouma tukiwa na mafua. Magego yakiondoka, chumba hicho hupanuka kuja chini, mpaka pengine mfupa hubaki milimita chache tu.

Sasa, jino la kupandikizwa husimama juu ya skrubu ya titani, madini ambayo mfupa hukubali kushikana nayo. Daktari Brånemark wa Sweden alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Skrubu ina urefu wa kama milimita 10. Itashika wapi kwenye mfupa mwembamba hivyo?

Basi daktari hufungua dirisha dogo kwenye mfupa juu ya fizi, akainua taratibu utando ulio ndani ya kile chumba bila kuutoboa, akajaza mfupa chini yake. Mfupa hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe, kidevuni au kwenye nyonga, ama hutumiwa wa ng'ombe uliosafishwa kabisa. (Ndiyo, ng'ombe! Kina mama walicheka sana.) Mara nyingi hungojwa miezi 4 hadi 9 ndipo skrubu iingie, halafu miezi mingine kabla ya jino lenyewe. Kwa mvuta sigara, au mwenye kisukari kisichotulia, kupona huwa kwa taabu.

Kwa hivyo kabla kikundi hakijatoa mkopo, ulizeni: picha ya eksirei imeonyesha mfupa wa milimita ngapi? Ule wa kuongeza utatoka wapi? Bei ni ya kazi yote mpaka jino la mwisho, ama ya skrubu peke yake? Sisi hatuoni vizuri mtu auze ng'ombe wa maziwa kwa kazi hii. Meno ya kuvaa yanaweza kujazwa upya yakae sawasawa kwenye fizi, na bei yake ni ndogo sana.

Mama yetu alichagua hayo ya kujazwa. Mahindi ya kuchoma bado yanamshinda, lakini githeri anakula.